Mabano kwenye jedwali la BGP: nilichojifunza nikijenga konfederesheni nyumbani Mombasa

Kwenye usaili wa kazi ya mitandao, hapa hapa Mombasa, niliwekewa mezani karatasi yenye mstari mmoja tu wa jedwali la BGP, itifaki ambayo mitandao hutumia kuambiana njia:

203.0.113.0/24 (65002 65001) 64496 i

Aliyekuwa akinisaili akaniuliza, "Njia hii ina urefu gani?" Nikazihesabu namba kwa macho, nikajibu tatu. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Swali la pili: pakiti ikitoka kwenye ruta hii itapita wapi? Nikasema itaingia 65002, iende 65001, kisha itoke nje kupitia 64496. Akaandika tena, akanishukuru, na kazi sikuipata.

Jibu la kwanza lilikuwa moja, si tatu. Jibu la pili ni kwamba mstari ule peke yake hautoshi kumwambia mtu pakiti itapita wapi. Ilinichukua kama miezi miwili ya usiku usiku kuyaelewa majibu hayo mawili, na ninaandika haya kwa ajili ya yeyote anayejifunza BGP peke yake, bila mwalimu wa kudumu, kwenye laptopu moja na bando la kuhesabu. Miezi ile miwili ingeweza kuwa wiki mbili.

Mabano yale ni alama ya konfederesheni, kwa hiyo nianze na kwa nini konfederesheni zipo, maana mimi nililiruka hilo na likanigharimu. Ndani ya AS moja, yaani mtandao wenye usimamizi mmoja na namba yake, ruta ikijifunza njia kutoka kwa ruta mwenzake kwa BGP ya ndani, haimpi mwenzake mwingine wa ndani njia hiyo. Ndivyo BGP inavyozuia mizunguko humo ndani, kwa kuwa namba ya AS haiongezeki njia inapopita mikononi mwa ruta za nyumba moja. Matokeo yake ni kwamba kila ruta lazima iwe na sesheni, yaani mazungumzo yake ya BGP, na kila ruta. Ruta 7 zinahitaji sesheni 21. Ruta 100 zinahitaji 4,950. Konfederesheni inaigawa AS hiyo vipande, kila kipande kina namba yake ya ndani, na vipande vinazungumza kwa sesheni zinazofanana na za nje, ilhali dunia ya nje inaendelea kuona AS moja tu. Wazo hili liliandikwa rasmi mwaka 1996 katika RFC 1965, mojawapo ya hati za itifaki za intaneti, na toleo linalotumika sasa ni RFC 5065 la mwaka 2007. Kurasa zake si nyingi. Laiti ningezisoma kabla ya kufungua video ya kwanza.

Laptopu yangu ilikuwa na RAM ya GB 4. Nilijaribu kwanza kuendesha ruta kama mashine pepe kamili, ya tatu ikaizimisha. Nikanunua kijiti cha RAM kilichotumika kwa shilingi 3,500, na bado kosa halikuwa RAM. Nilipohamia FRRouting (FRR), programu inayoigeuza kompyuta kuwa ruta, ndani ya kontena, zilizo nyepesi kuliko mashine pepe, ruta saba ziliwaka bila feni kupiga kelele. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, jaribu kontena. FRR ni programu huria, na amri zake zinafanana sana na zile utakazokutana nazo kazini.

Ruta nilizipa majina ya kwetu, kwa sababu R1 na R2 zilikuwa zikinichanganya kila ifikapo saa sita za usiku. Kisiwani, namba 65001: Kizingo, Tudor, na Nyali niliyoihesabu upande wa kisiwa ingawa iko ng'ambo ya daraja. Bara ya magharibi, 65002: Changamwe na Miritini. Kusini, 65003: Likoni na Diani. Kizingo na Likoni niliziunganisha kwa waya nilioupa jina Feri. Tudor na Changamwe kwa waya wa Makupa. Changamwe na Likoni kwa waya wa Dongo Kundu, kama ile barabara inayokutoa bara mpaka kusini bila kuvuka kivuko. Namba hizo za 65000 na kitu zimo kwenye fungu la binafsi, 64512 hadi 65534, na ndizo zinazofaa kwa kazi hii. Konfederesheni nzima kwa nje ilijulikana kama 64500. Mtoa huduma wa kubuni, 64496, alishikana na Kizingo, na mteja wa kubuni, 64510, akashikana na Diani.

Badala ya sesheni 21 nilihitaji 8. Tatu za kisiwani, moja ya bara, moja ya kusini, na tatu za kuvuka mipaka. Nilifurahi sana kuiona hesabu hiyo kwenye karatasi, nikadhani kazi ngumu imekwisha.

Sesheni ya Dongo Kundu ilikataa kusimama. Pingi, pakiti ya kujaribu kama ruta zinafikiana, kati ya Changamwe na Likoni ilipita vizuri, anwani zilikuwa sahihi, OSPF, itifaki inayotafuta njia fupi ndani ya mtandao, ilikuwa imetulia. Nilikesha siku mbili nikibomoa na kujenga upya nyaya ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Usiku wa tatu ndipo nilipofungua logi badala ya kubahatisha, nikakuta taarifa ya kosa namba 2/2, maana yake namba ya AS aliyojitambulisha nayo jirani siyo inayotarajiwa.

Kila ruta ya mpakani lazima iambiwe mambo mawili. Jina la nje la konfederesheni, na orodha ya vipande vingine vilivyo ndugu:

router bgp 65003
 bgp confederation identifier 64500
 bgp confederation peers 65001 65002

Pale Likoni nilikuwa nimeandika 65001 peke yake, maana waya wa Dongo Kundu niliuongeza baadaye. Kwa hiyo Likoni iliiona Changamwe kama mgeni kabisa, na mgeni huambiwa jina la nje. Ikajitambulisha, "Mimi ni 64500." Changamwe ilikuwa ikimngoja 65003, ikafunga mlango. Neno moja lililosahaulika kwenye mstari mmoja. Tangu siku hiyo, sesheni isiposimama, kitu cha kwanza ninachofungua ni logi, na cha pili ni mstari huo wa ndugu pande zote mbili.

Kuna vikwazo viwili vidogo nivitaje haraka. Sesheni za kuvuka mipaka ya ndani zinarithi tabia ya BGP ya nje ya kutuma pakiti zenye TTL, yaani idadi ya hatua ambazo pakiti inaruhusiwa, ya 1. Ukizijenga juu ya anwani za lupubaki, zile zisizotegemea waya mmoja, basi unahitaji ebgp-multihop, inayoongeza TTL hiyo, pamoja na update-source, inayotaja anwani ya kutumia, la sivyo sesheni haisimami na utaangalia neno Active mpaka alfajiri. Cha pili ni cha FRR: kwa mtoa huduma wa nje, matoleo ya sasa hayapokei wala kutangaza njia yoyote mpaka uandike sera, na kwenye muhtasari utaona neno Policy mahali ambapo ungetarajia idadi ya njia. Hilo linafuata RFC 8212 ya mwaka 2017 na ni jambo jema, ila mtu asipojua atadhani ruta imeharibika.

Sasa tufike kwenye kiini.

Kizingo ilipokea 203.0.113.0/24 kutoka kwa mtoa huduma, ikaitangaza. Nikaenda Tudor, nikaiona kwenye jedwali la BGP. Likoni, nikaiona. Diani, haikuwepo hata mstari. Nikapiga pingi kutoka Diani, kimya. Nikarudi kwenye jedwali nikitazama kwa makini, nikagundua mistari ile haikuwa na alama ya mshale inayoonyesha njia iliyochaguliwa. Kwenye jedwali la njia lenyewe, lile ambalo ruta hulitumia kupeleka pakiti, 203.0.113.0/24 haikuwepo kabisa.

Mimi nilikuwa nimejiaminisha hivi: sesheni ya kutoka 65001 kwenda 65003 ni ya AS tofauti, kwa hiyo ni ya nje, kwa hiyo hatua inayofuata (next hop, anwani ambayo ruta huelekezwa kuipelekea pakiti) itabadilishwa mpakani, kama BGP ya nje inavyofanya siku zote. Sivyo. Ndani ya konfederesheni hatua inayofuata haiguswi. Anwani ya mtoa huduma, iliyokuwa upande wa pili wa waya wa Kizingo, ilisafiri vile vile ilivyo mpaka Likoni, na Likoni haikuwa na njia ya kuifikia, kwa sababu waya ule haukuwemo kwenye OSPF. Njia isiyofikika haichaguliwi, na isiyochaguliwa haiingii kwenye jedwali la njia wala haipelekwi kwa majirani kama chaguo.

Si hatua inayofuata peke yake. LOCAL_PREF, namba ya upendeleo ambayo kubwa ndiyo inayoshinda, nayo inavuka mipaka ya ndani bila kuondolewa, ilhali kwa AS ya nje haitoki mlangoni. MED, dokezo la mlango upi wa kuingilia upendelewe, pia inapita. Na nilipopata njia ikaingia kwenye jedwali, umbali wake wa kiutawala, namba ya kuaminika kwa chanzo cha njia ambayo ndogo ndiyo inayoshinda, ulikuwa 200, ule wa njia za ndani, wakati mimi nilitarajia 20. Kwa hiyo mtandao ule ule ukitangazwa pia na OSPF, yenye 110, OSPF ndiyo itakayoshinda. Nilijifunza kuiona sesheni ya konfederesheni hivi: mwili wake ni wa nje, roho yake ni ya ndani. Inaongeza namba kwenye njia kama ya nje, lakini karibu kila kitu kingine inakitendea kama cha ndani.

Dawa ya hatua inayofuata ni next-hop-self, amri ya ruta kujitaja yenyewe kama hatua inayofuata, pale Kizingo, ili ruta zote za ndani zione anwani ya lupubaki ya Kizingo, ambayo OSPF inaijua. Ningeishia hapo, ningelala. Lakini nilikuwa nimechoka na nimeumwa mara moja, nikaamua kuiweka kwenye kila sesheni, ya kila ruta ya mpakani, ili jambo lile lisinirudie tena. Pingi ikapita kila mahali. Nikafunga laptopu nikiamini nimemaliza.

Kesho yake, kwa desturi tu, nikapiga traceroute, inayoonyesha kila ruta ambayo pakiti inapita, kutoka Diani. Nilitarajia Likoni, Kizingo, nje. Nikapata Likoni, Changamwe, Tudor, Kizingo, nje. Pakiti zangu zilikuwa zimefika Likoni, zikaukuta waya wa Feri uko mbele yao, mzima, mtupu, zikageuka zikapita Dongo Kundu mpaka Changamwe, zikavuka Makupa, zikapita Tudor, ndipo zikafika Kizingo.

Nikafungua jedwali la BGP la Likoni:

*> 203.0.113.0/24 10.255.0.1 (65002 65001) 64496 i
*  203.0.113.0/24 10.255.0.3 (65001) 64496 i

Ule mstari wa usaili. Uleule, na mabano yake. Nilikaa nikiutazama kwa muda, maana sasa ulikuwa wangu, nimeujenga kwa mkono wangu, na bado sikuweza kueleza kwa nini ruta imechagua mrefu ikaacha mfupi.

Jirani yetu Kibokoni ni mzee tunayemwita Ami. Amefanya kazi ya mitandao tangu enzi za setilaiti, kabla nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS hazijatua Mombasa mwaka 2009. Nilimkuta barazani baada ya alasiri, kahawa chungu mkononi.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?"

Nikamweleza. Hakugusa laptopu. Alichukua karatasi iliyokuwa imefungiwa mahamri, yenye madoa ya mafuta, akageuza kikombe chake cha kahawa juu chini na kuchora duara tatu kwa kukizungushia kalamu. Akaziunganisha. Juu ya moja akaandika Kizingo, nyingine Changamwe, nyingine Likoni. Pembeni akaweka alama ya mtoa huduma. Kisha akachora duara moja kubwa lililozifunika zote tatu.

"Mtoa huduma yuko nje ya hili kubwa," akasema. "Ruta inapohesabu urefu, inahesabu makubwa tu. Vidogo vilivyo ndani ni vyumba. Mtu akikuuliza umepita nyumba ngapi, utahesabu na vyumba?"

Hapo ndipo mabano yaliponifungukia. Namba zilizo ndani ya mabano ni za vipande vya ndani, na katika kupima urefu wa njia hazihesabiwi hata moja. Njia ya (65001) 64496 ina urefu wa 1. Njia ya (65002 65001) 64496 nayo ina urefu wa 1. Kwa Likoni zote mbili zilikuwa sawa. LOCAL_PREF sawa, asili sawa, MED sawa. Zote zimetoka ndugu wa konfederesheni, kwa hiyo hakuna ya nje inayoishinda ya ndani. Halafu ruta ikapima gharama ya OSPF mpaka hatua inayofuata, na kwa kuwa nilikuwa nimeweka next-hop-self kila mahali, hatua inayofuata ya njia moja ilikuwa Kizingo na ya nyingine Changamwe, zote waya mmoja kutoka Likoni, gharama moja. Sare. Ikabaki kitambulisho cha ruta, chenye namba ndogo ndicho kinachoshinda. Nilizipa ruta namba nikianzia bara: Changamwe 10.255.0.1, Miritini .2, Kizingo .3. Changamwe ikashinda. Trafiki yote ya kusini ilizungushwa kwa sababu ya mpangilio nilioufanya bila kufikiri, siku ya kwanza, nikijaza anwani.

"Sasa namba hizo za mabano ni za nini basi, kama hazihesabiwi?" nikamuuliza Ami.

"Ili usirudi chumba ulichotoka." Ndiyo kazi yake. Ruta ikiona namba ya kipande chake ndani ya mabano, inaitupa njia hiyo. Mabano yanazuia mzunguko, hayapimi umbali. BGP yenyewe, akaniambia huku akiikunja karatasi ile na kunipa, ilianza kuchorwa kwenye leso za karatasi mwaka 1989, na kati ya waliokaa mezani walikuwa Kirk Lougheed na Yakov Rekhter. Ile karatasi ya mahamri ninayo mpaka leo.

Nilirudi nyumbani na haraka mbaya. Nikaenda Likoni, nikaandika sera ya kuipa LOCAL_PREF ya 120 kila njia inayotoka Kizingo. Diani ikanyooka papo hapo: Likoni, Kizingo, nje. Bahati nzuri kufikia hapo nilishazoea kupiga traceroute kila kona. Kutoka Miritini nikakuta Changamwe, Likoni, Kizingo. Trafiki ya bara iliyokuwa ikipita Makupa kwa amani sasa ilikuwa inashuka kusini kwenda kupanda Feri. Sababu nimeshaitaja juu, ila sikuwa nimeiweka moyoni: LOCAL_PREF inavuka mipaka ya ndani. Likoni iliitangaza njia yake kwa Changamwe pamoja na ile 120, na Changamwe ikailinganisha na 100 iliyotoka Tudor. Mia na ishirini ikashinda, kihalali kabisa. Nilikuwa nimeihamisha shida kutoka kusini kwenda bara.

Kama kuna sehemu moja ya simulizi hii ningependa mtu anayejifunza aisome mara mbili, ni hiyo. Kwenye BGP ya kawaida mtu huzoea kwamba anachokiandika ndani ya AS yake kinabaki kwake. Kwenye konfederesheni, vipande vyote ni AS yako. Unayemgusa mmoja umewagusa wote.

Suluhisho lililokaa lilikuwa na hatua mbili. Kwanza, niliifuta sera ile ya LOCAL_PREF, kisha nikaondoa next-hop-self kwenye mipaka yote ya ndani, nikaiacha Kizingo na Diani tu, zile ruta zinazogusana na dunia ya nje. Sasa ruta nyingine zote sita zilikuwa na hatua inayofuata moja kwa 203.0.113.0/24, yaani 10.255.0.3, Kizingo. Nikaenda Likoni nikitarajia jedwali la BGP limebadilika. Halikubadilika. Bado alama ya mshale ilikuwa kwenye (65002 65001). Nikapiga traceroute kutoka Diani: Likoni, Kizingo, nje. Njia fupi.

Nilisimama kabisa kutoka kwenye kiti. BGP ilisema njia imepita Changamwe, na pakiti zilipita Feri, na wala hapakuwa na mgongano. BGP ilichokuwa inaiambia ruta ni kwamba ukitaka kufika 203.0.113.0/24, nenda 10.255.0.3. Namna ya kufika 10.255.0.3 ni kazi ya OSPF, na OSPF inajua kwamba kutoka Likoni waya wa Feri ndio wa karibu. Jedwali la BGP lilinionyesha habari ilivyosafiri. Jedwali la njia lilinionyesha pakiti itakavyosafiri. Hayo ni mambo mawili, na lile swali la pili la usaili lilikuwa linaulizia hilo tu.

Hatua ya pili ilikuwa ya usafi. Sikutaka mtu atakayekuja baada yangu aone mshale kwenye njia ndefu na kuchanganyikiwa, kwa hiyo pale Likoni niliongeza uzito kwa jirani Kizingo. Uzito, tofauti na LOCAL_PREF, hauondoki kwenye ruta uliyouweka. FRR ina amri nyingine pia, bgp bestpath as-path confed, inayoilazimisha ruta kuzihesabu namba za ndani ya mabano. Inafanya kazi, lakini mimi siipendi sana, kwa sababu ruta moja ikiwa nayo na nyingine haina, watu wawili wakitazama majedwali mawili watapata hesabu mbili. Njia bora zaidi ya zote ni ya kuchora: kipande kimoja kiwe kitovu, vingine vyote vikutane hapo, visiungane vyenyewe kwa vyenyewe. Duara langu la Dongo Kundu lilinifundisha mengi, lakini kwenye mtandao wa watu wanaolipa ningefikiri mara tatu kabla ya kulijenga.

Nilimaliza kwa kuingia kwa mtoa huduma wa kubuni na kutazama njia ya mteja wa Diani, 198.51.100.0/24, inavyoonekana kutoka nje. 64500 64510. Hakuna mabano, hakuna 65003, hakuna dalili kwamba ndani kuna vyumba. Kizingo ilikuwa imevifuta vyote na kuweka jina la nje mahali pake. Ukiona namba za 65000 na kitu zimetokea kwa mtoa huduma, tafuta ruta ya mpakani uliyosahau kuipa confederation identifier.

Watu wameniuliza kama inafaa kujenga konfederesheni siku hizi wakati kuna viakisi vya njia (route reflectors), yaani ruta zinazowasambazia wenzao wa ndani njia, vilivyoandikwa mwaka uleule wa 1996. Kwa mtandao mdogo au wa kati, mimi ningeweka viakisi viwili nikalala, maana ruta nyingine hazihitaji kubadilishwa namba wala kujengwa upya. Konfederesheni naiona ina mahali pake panapounganishwa mitandao miwili iliyokuwa ya watu tofauti, kila mmoja na wahandisi wake na mazoea yake, na hakuna anayetaka kung'oa kila kitu kwa usiku mmoja. Lakini hata kama hutaijenga maishani, ijenge mara moja kwenye maabara. Sikuielewa hatua inayofuata, kwa kweli sikuielewa, mpaka konfederesheni iliponikatalia pingi.

Na ukiijenga, fanya jambo hili: baada ya kila badiliko, fungua show bgp, fungua show ip route, kisha piga traceroute kutoka pande zote, si upande ulioubadilisha peke yake. Andika kwenye daftari ulichotarajia kabla hujabonyeza. Daftari langu lina kurasa nyingi za nilichotarajia zilizokatwa mstari mwekundu, na ndizo ninazorudia kuzisoma.

Jaribio la mwisho lilikuwa Ijumaa usiku, stima ilikuwa imerudi baada ya kukatika tangu magharibi. Ami alikuja mwenyewe, akaketi pembeni. Nikaanzisha pingi ndefu kutoka Diani kwenda 203.0.113.1, kisha nikauzima waya wa Feri.

Pingi chache zikapotea, nyingine zikaendelea. Traceroute ikaonyesha Likoni, Changamwe, Tudor, Kizingo. Nikafungua jedwali la BGP la Likoni: mstari ulikuwa uleule, mshale kwenye (65001), kana kwamba Feri bado inavuka. OSPF ilishawageuza abiria, BGP haina habari. Ami akatazama saa yake, akasema tungoje. Sesheni ya Likoni na Kizingo nilikuwa nimeipa multihop ya 2, na njia mpya ya kuzunguka ilikuwa na hatua tatu, kwa hiyo salamu za kila sekunde 60 zilikuwa zinafia Tudor. Zilipotimia sekunde 180 sesheni ikaanguka, mstari wa (65001) ukafutika, ukabaki (65002 65001) na mshale wake. Pingi ya Diani haikutikisika hata moja.

"Hiyo njia sasa ina urefu gani?" Ami akaniuliza.

"Moja, Ami."

"Na pakiti inapita wapi?"

Nikaandika show ip route kabla sijamjibu.